Kiwanda Ndani ya Kompyuta: Historia Fupi ya Uigaji

Kuna swali moja ambalo kila mwenye karakana ndogo hujiuliza, na mara nyingi hujiuliza usiku wakati usingizi umekataa: ninunue mashine ya pili au nisinunue? Akinunua na kazi isiongezeke, mkopo utamla mzima mzima. Asiponunua na wateja wakachoka kungoja, watahamia kwa jirani. Kiwanda kikubwa kina watu wanaolipwa mshahara kufikiria mambo haya. Mwenye karakana ya kuchomelea vyuma kando ya barabara ana kalamu, simu na moyo wake.

Leo ningependa kuwasimulia historia ya chombo kilichobuniwa hasa kwa swali hilo, yaani uigaji wa kompyuta. Wengine huuita simulesheni. Mimi nitasema uigaji, na nitasema kompyuta badala ya tarakilishi, walimu wangu wa Kiswahili mnisamehe. Ni historia inayonivutia kwa sababu mbili. Kwanza, sisi waandishi wa programu tunaishi ndani yake kila siku bila kujua. Pili, chombo chenyewe kilichukua miaka zaidi ya 40 kutoka kwenye viwanda vya chuma hadi kumfikia mtu wa kawaida, na ukiangalia sababu za kuchelewa huko utajifunza mengi.

Kwanza tuelewane kuhusu uigaji wenyewe. Unaandika programu yenye saa ya kubuni ndani yake. Saa hiyo haitembei kama ya ukutani, inaruka kutoka tukio moja hadi lingine: oda imefika, mashine imemaliza, fundi ameenda kula, stima imepotea. Pale ambapo maisha yana bahati nasibu, programu inarusha dadu. Unaiacha iendeshe karakana hiyo ya kubuni kwa mwaka mzima, kazi ya sekunde chache tu, halafu unaangalia foleni zilikuwa ndefu kiasi gani. Kisha unabadilisha kitu kimoja na kuanza upya. Hakuna aliyefutwa kazi na hakuna aliyekopa.

Kwa nini usipige hesabu ya wastani tu? Hebu tuchukue mfano mdogo. Una mashine moja ya kukereza chuma. Oda hufika kwa wastani moja kila saa, na kila kazi huchukua wastani wa dakika 54. Mwenye hesabu za haraka atasema kuna dakika 6 za ziada kila saa, kwa hivyo hakuna foleni. Na angekuwa sahihi kabisa kama oda zingefika kwa kengele na kila kazi ikachukua dakika 54 bila kupungua wala kuzidi. Lakini wateja hawaji kwa kengele. Ukiweka ubahatishaji wa kawaida wa vitabu vya foleni kwenye ufikaji na kwenye muda wa kazi, oda ya wastani itangoja dakika 486 kabla haijaguswa. Hizo ni zaidi ya saa 8! Sasa punguza muda wa kazi kutoka dakika 54 hadi 48. Kungoja kunashuka hadi dakika 192. Dakika 6 zimeokoa karibu saa 5. Mtu asiyejua jambo hili atanunua mashine wakati alihitaji kunoa visu tu, au atanoa visu wakati alihitaji mashine.

Hesabu hizo za foleni ni za zamani kuliko kompyuta. Mdenmark aitwaye A. K. Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha utafiti wake wa kwanza kuhusu jambo hili mwaka 1909. Shida yake ni moja. Kanuni zile ni tamu ukiwa na foleni moja na mashine moja. Ukiongeza mashine tatu zinazotumia fundi mmoja, oda za aina tano, na mteja mmoja mkubwa ambaye kazi yake huruka foleni, kalamu inagoma. Hapo ndipo watu walipoanza kusema, basi tuigize tu.

Wazo la kurusha dadu kwa kompyuta lilitoka mahali pasipopendeza, kwenye maabara ya Los Alamos yaliyotengeneza bomu la atomiki. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa, akicheza karata peke yake. Akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Akajaribu kwa hesabu, akaona ni kazi bure, na akafikiri kwamba ni rahisi zaidi kucheza mara mia moja na kuhesabu ushindi. Alimweleza John von Neumann, na mwaka 1948 mashine ya ENIAC ikaendesha hesabu za kwanza za namna hiyo. Jina la Monte Carlo lilitokana na jumba la kamari, kwa sababu Ulam alikuwa na jamaa aliyekuwa akikopa pesa kwa ndugu zake ili aende kule kucheza. Kila ukoo una mtu kama huyo.

Sasa tuingie kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mjini Sheffield, Uingereza, kulikuwa na kampuni ya chuma iliyoitwa United Steel Companies. Idara yake ya utafiti iliongozwa na Stafford Beer, mtu wa ajabu ambaye baadaye, kati ya 1971 na 1973, alijaribu kuijengea serikali ya Chile mfumo wa kusimamia uchumi kwa kompyuta. Katika idara hiyo alikuwepo Keith Douglas Tocher. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kuiga mitambo ya chuma. Fikiria tanuri zenye chuma cha moto, winchi za juu zinazobeba ndoo za chuma kilichoyeyuka, na kila kitu kinangoja kingine. Winchi moja ikichelewa, chuma kinapoa.

Tocher aligundua kwamba kila mara alipoiga mtambo mpya alikuwa akiandika mambo yale yale. Tanuri ni mashine. Winchi ni mashine. Kila mashine ama inafanya kazi ama inangoja. Basi akaandika programu moja ya jumla, akaiita General Simulation Program, iendeshwe kwenye kompyuta ya Ferranti Pegasus, ambayo kumbukumbu yake kuu ilikuwa silinda ya sumaku inayozunguka. Njia yake ilikuwa na hatua tatu zinazojirudia. Sogeza saa hadi tukio lijalo. Fanya yale ambayo lazima yatokee wakati huo, kwa mfano tanuri kumaliza. Kisha kagua yale yanayoweza kuanza sasa kwa sababu vitu vinavyohitajika viko huru. Basi. Njia hii ya hatua tatu bado inafundishwa leo, na mimi nikiandika uigaji kwa mkono naanzia pale pale. Mwaka 1963 Tocher alichapisha kitabu chake, The Art of Simulation, ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza cha kufundishia somo hili.

Marekani nako hawakulala. Geoffrey Gordon wa IBM alitoa GPSS mwaka 1961, ambapo ulichora kazi yako kama visanduku vilivyounganishwa, na kila oda ikapita ndani yake kama mtu anayepita kwenye ofisi za serikali, dirisha hadi dirisha. Harry Markowitz naye, baada ya kushughulika na mifano ya viwanda katika General Electric, aliongoza kazi ya SIMSCRIPT kwenye shirika la RAND mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huyo ni Markowitz yule yule aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990 kwa nadharia yake ya uwekezaji. Wengi wanaomjua kwa hisa hawajui kwamba alitoa jasho kwa ajili ya foleni za karakana.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi iko Oslo, Norway. Kristen Nygaard alianza kufanya hesabu za aina hii mwishoni mwa miaka ya 1940 katika utafiti wa ulinzi wa nchi yake, tena kwa mkono, kabla ya kuwa na kompyuta. Mwaka 1960 alihamia Kituo cha Kompyuta cha Norway, na hapo akaungana na Ole-Johan Dahl. Wawili hao walitengeneza lugha ya SIMULA, iliyoanza kufanya kazi kwenye mashine ya UNIVAC 1107 karibu na mwanzo wa 1965. Walitaka uweze kuandika: huyu ni mteja, hii ni mashine, kila mmoja ana habari zake na ana tabia zake, na waachie waishi pamoja. Walipoendelea waliona kwamba aina nyingi za vitu zina mambo ya pamoja. Lori na basi yote ni magari. Basi katika SIMULA 67 wakaweka klasi, objekti, na klasi moja kurithi nyingine.

Umeshtuka? Kama umewahi kuandika Java, C++ au Python, umetumia mawazo ya watu waliokuwa wakijaribu kuiga foleni. Bjarne Stroustrup alipoanza mwaka 1979 kazi iliyokuja kuwa C++, alikuwa ameonja SIMULA akisomea udaktari Cambridge na akataka uzuri huo kwa kasi ya lugha ya C. Mimi nilisoma objekti chuoni kwa mifano ya mbwa na paka, mbwa anabweka, paka analia nyau, na sikuelewa hata siku moja kwa nini mtu angehitaji upuuzi huo. Laiti mwalimu angesema tu kwamba objekti ni mashine inayongoja oda, ningeelewa kwa dakika tano. Dahl na Nygaard walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Wote wawili walifariki mwaka uliofuata, 2002, wakipishana kwa majuma machache.

Nygaard ana kisa kingine ambacho vitabu vya programu hukiruka. SIMULA ilipoanza kutumika kupanga viwanda, aliona jambo lililomkera. Matokeo ya uigaji yalipelekwa kwa wakurugenzi, nao wakabadilisha kazi za watu ambao hawakuulizwa. Kompyuta imesema, kwa hivyo kaa pale. Basi kuanzia mwaka 1970 hadi 1973 alifanya mradi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norway, ili wafanyakazi wenyewe waelewe mifumo hii na wawe na hoja zao. Mradi ule ulichangia mikataba iliyowapa wafanyakazi wa Norway haki ya kuhusishwa teknolojia mpya inapoingia kazini. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa sawa na klasi na objekti. Uigaji huanza na mtu anayechagua kitu cha kuhesabu, na kitu ambacho hakikuhesabiwa hakipo.

Tusimsahau Jay Forrester wa MIT. Watu wa General Electric walimweleza kuhusu viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky. Wakati mwingine walifanya kazi zamu tatu au nne, na baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi walirudishwa nyumbani. Wao walilaumu soko. Forrester aliwauliza wanaamuaje kuajiri na wanaamuaje kuagiza mali, halafu akachukua daftari na penseli, akapiga hesabu wiki baada ya wiki. Akaona kwamba hata kama wateja wangenunua kwa kiasi kisichobadilika, sheria zao wenyewe za kuajiri na kuagiza zilitosha kuyumbisha kiwanda. Kitabu chake, Industrial Dynamics, kilitoka 1961. Zingatia kwamba uigaji ule wa kwanza haukutumia kompyuta hata kidogo.

Sasa, haya yote yalikuwa ya nani? Si ya fundi mdogo. Kompyuta ya IBM 7090, moja ya zile kubwa za wakati wa GPSS, iliuzwa kama dola milioni 2.9, au ulikodi kwa dola 63,500 kwa mwezi. Ulipeleka kadi zako zenye matundu, ukarudi kesho kuchukua bunda la karatasi. Na hata ukiwa na pesa, mwenye kiwanda hakuweza kusoma kile kilichotoka. Alipewa jedwali na mtaalamu, akaambiwa aamini.

Huku kwetu, mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ndiyo iliyolitangaza duniani neno la sekta isiyo rasmi. Ilisema watu wale wa kutengeneza jiko, sanduku na vitanda, waliokuwa wakifukuzwa na askari wa manispaa, walikuwa wakifanya kazi ya maana yenye faida. Ndio hao tuliokuja kuwaita jua kali. Miaka ile ile Wanorwe walikuwa wakijadili haki za mfanyakazi mbele ya kompyuta. Kati ya Kamukunji na Oslo palikuwa na umbali wa aina nyingi.

Hatua ya kuwafikia wenye viwanda ilianza kwa picha. Robert Hurrion aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha London kuhusu uigaji unaoonekana kwenye kioo na ambao mtu anaweza kuusimamisha na kuubadilisha ukiendelea. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kampuni ya magari ya British Leyland ilikuwa na programu ya SEE-WHY iliyotokana na mawazo hayo. Msimamizi aliona gari zikisogea kwenye kioo, akanyosha kidole na kusema, hapana, hapa kwetu hatufanyi hivyo. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko jedwali lolote, kwa sababu mtu asiyejua programu sasa anaweza kukosoa programu.

Kisha IBM ikatoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, kwa bei iliyoanzia dola 1,565, na programu za uigaji kama SIMAN ya Dennis Pegden zikahamia humo. Hapa nitapita haraka, kwa sababu baada ya hapo ni orodha ya majina ya bidhaa: WITNESS mwaka 1986, Arena mwaka 1993, na nyingine nyingi. Zilikuwa nzuri, lakini leseni zake ziliandikwa kwa ajili ya makampuni. Mwenye karakana ya watu sita hakuwa kwenye hesabu ya muuzaji.

Kilichomfikia mtu mdogo kwanza kilikuwa hadithi. Eliyahu Goldratt alikuwa mwanafizikia wa Israeli. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1970 mtu aliyemfahamu, mwenye kiwanda kidogo cha kutengeneza vibanda vya kuku, alimwomba msaada wa kupanga kazi. Nimerudia kusoma sehemu hiyo mara nyingi. Vibanda vya kuku! Kutoka hapo alitengeneza programu ya kupanga kazi za viwanda, na mwaka 1984, pamoja na Jeff Cox, akaandika riwaya ya The Goal kuhusu meneja ambaye kiwanda chake kinakaribia kufungwa. Ndani yake kuna mchezo wa dadu na njiti za kiberiti ambao unaweza kuucheza leo na watoto.

Weka watu watano kwenye mstari, kila mmoja na dadu. Wa kwanza anarusha na kusogeza njiti kadiri ya dadu yake. Wa pili anarusha, lakini hawezi kusogeza zaidi ya zile alizo nazo, na hivyo hivyo hadi wa tano. Wastani wa dadu ni 3.5, kwa hivyo kila mtu anatarajia njiti 3.5 zitoke mwisho kila raundi. Jaribu. Katika raundi ya kwanza, mbele ya kila mtu kukiwa kutupu, kinachotoka ni dadu ndogo kuliko zote tano, na wastani wake ni kama 1.57. Raundi zinavyoendelea njiti zinarundikana katikati na mwendo unapanda, lakini bado unabaki chini ya matarajio. Bahati mbaya ya mmoja inapita kwa wote walio nyuma yake, na bahati nzuri yake inakwama kwenye rundo. Huo ni uigaji kamili, kwa bei ya kiberiti kimoja.

Mlango wa mwisho ulifunguliwa na programu huria. Desemba 2001 lilitoka toleo la Python 2.2, likiwa na kitu kinachoitwa jenereta. Si ile ya stima. Ni kipande cha programu kinachoweza kusimama katikati, kikangoja, kisha kikaendelea pale kilipoachia. Yaani hasa kile ambacho mashine kwenye karakana hufanya. Klaus Müller na Tony Vignaux waliona nafasi hiyo, na mwaka 2002 wakatoa SimPy, maktaba ndogo ya bure iliyofuata nyayo za SIMULA na SIMSCRIPT. Kilichohitaji dola milioni sasa kinaingia kwenye laptopu ya mtumba.

Basi niliitumia SimPy kwa mjomba wangu. Ana karakana ya milango na madirisha ya chuma. Anaahidi wiki moja, wateja wanapata baada ya wiki mbili, na simu za matusi anazipokea yeye. Alikuwa ameamua kuweka rehani pikapu yake akope mashine ya pili ya kuchomelea. Pikapu hiyo ndiyo inayobeba milango kwa wateja na ndiyo inayopeleka familia mashambani, kwa hivyo shangazi hakuwa na furaha.

Tulianza na daftari la shule. Kwa wiki tano kijana wake mmoja aliandika kila oda: imeingia lini, imekatwa lini, imechomelewa lini, imepakwa rangi lini, imeondoka lini. Hesabu ya kwanza haikuhitaji programu. Ndani ya ua kulikuwa na oda kama 50 kwa wakati mmoja, na kwa siku ziliondoka 4. Gawa 50 kwa 4, upate siku 12 na nusu. Kanuni hiyo ilithibitishwa na John Little mwaka 1961 na haidanganyi.

Kuchomelea kulikuwa na uwezo wa oda 5 kwa siku, na oda zilizofika ni 4. Rangi ilipakwa Jumanne na Ijumaa tu, kwa sababu mpaka rangi ni wa kushirikiana na jirani. Siku nzuri alimaliza oda 15. Kwa hivyo 30 kwa wiki, na oda za wiki ya siku 6 ni 24. Inatosha. Tatizo ni kwamba anapaka nje, na kama siku moja kati ya saba za rangi ilinyesha. Hata ukiondoa mvua unabaki na karibu oda 26 kwa wiki. Kwa wastani bado inatosha, na ndiyo maana hakuna aliyemshuku.

Niliandika mfano wenye mistari isiyofika 100. Mashine ya pili ya kuchomelea haikuokoa hata siku moja kamili. Siku ya tatu ya rangi ilishusha muda wa oda kutoka siku 12 na nusu hadi karibu 7. Na kibanda cha mabati juu ya sehemu ya rangi, bila siku ya ziada, kilishusha karibu kiasi kile kile. Siku moja ya mvua ilikuwa inarundika oda 12 juu ya nyingine 12, na kwa vile nafasi ya ziada ilikuwa ndogo, rundo lilichukua wiki kadhaa kwisha. Kabla halijaisha, ilinyesha tena.

Utauliza, si angeona kwa macho? Hapana, na hili daftari ndilo lililolifichua. Madirisha yakishachomelewa hupakwa kwanza ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu na kuegemezwa kwenye ua. Ukipita unaona mali imesimama, unadhani inangoja mwenyewe aje na pesa.

Nilimwonyesha kwenye kioo, mistari ikipanda na kushuka. Alinyamaza, kisha akasema, "Kijana, hiyo kompyuta yako inajua kwamba mchomeleaji wangu hulewa mwisho wa mwezi?" Haikujua. Tuliongeza. Nambari ya mashine ya pili ilisogea kidogo, ya mabati haikusogea. Akamwita fundi wa paa wiki iliyofuata, wakatumia mabati ya zamani, na pikapu ikabaki yake.

Miezi minne baadaye alinipigia simu. Sifa zilikuwa zimeenea kwamba kwake mlango unatoka kwa wiki moja, na sasa oda zilikuwa zinafika kama 4.6 kwa siku. Kitu hicho hakikuwa kwenye mfano wangu. Nilikuwa nimeweka wateja kama mvua, wanakuja tu, kumbe wateja wanasikia. Niliendesha upya. Kungoja kuchomelewa, ambako kulikuwa chini ya siku moja, kulikuwa kumefika siku 2 na kidogo.

"Sasa ile mashine?" akaniuliza.

Nikamwambia tuanze tena kuandika kwenye daftari, wiki tano.